Hawakunifanya Habari

Nilianza mwaka wa kwanza katika Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa 2017, bila mkopo. Majina ya waliopata yalitoka kwa awamu na langu halikuwemo katika awamu hata moja. Sababu niliijua. Baba alifariki 2010, nyumbani, kijijini kwetu Mufindi, akazikwa kesho yake, na hakuna aliyekwenda kuandikisha kifo chake. Kwetu msiba ulikuwa na utaratibu wake: matanga, kunyoa, arobaini, kugawa nguo za marehemu. Kwenda wilayani kuchukua cheti hakukuwa sehemu ya utaratibu huo. Bodi ya Mikopo inamtambua yatima kwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili. Mimi nilikuwa na kaburi. Siilaumu kanuni hiyo, maana pasipo karatasi kila mtu angeweza kujiita yatima, na fedha zile zisingewafikia waliolengwa. Lakini kanuni ikiwa ya haki, anayeishi upande wake mbaya bado anahitaji kula.

Ada ya muhula wa kwanza ilitoka kwenye miti. Mufindi watu hupanda misindano kama wengine wanavyoweka akiba benki, na baba alikuwa amepanda shamba dogo mwaka mmoja kabla ya kufa. Msindano unataka miaka kumi na mitano, hata ishirini, ndipo upasuliwe mbao za maana. Ya kwetu haikuwa imefika hata kumi. Mama aliiuza michanga, na mnunuzi alijua tuna haraka, akataja bei ya mtu anayejua mwenzake ana haraka. Nilikuwepo siku wanaikata. Mama hakusema neno, alikuwa akiwapikia wakataji uji.

Na kabla ya hapo hakutaka niende kabisa. Tarehe 2 Septemba 2012, mimi nikiwa kidato cha pili, mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa kwa bomu la machozi akiwa kazini katika kijiji cha Nyololo, siku polisi walipokabiliana na wafuasi wa CHADEMA. Nyololo iko wilayani kwetu, kando ya barabara kuu, na kila anayetoka Mafinga kwenda Makambako lazima aipite. Mama aliipita mara nyingi akipeleka viazi. Niliposema nataka kusomea uandishi wa habari aliniuliza swali moja tu: "Kati ya kazi zote za dunia?" Nikamjibu kwamba Mwangosi alikuwa amekwenda kutuonea sisi yale tusiyoweza kuyaona. Hakuridhika, lakini aliiuza miti.

Sikuwa nimemaliza muhula wa kwanza, Azory Gwanda akatoweka. Ilikuwa tarehe 21 Novemba 2017, huko Kibiti. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi, na hadi leo ninapoandika haya hajarudi kwa mkewe. Darasani hatukuzungumza jambo jingine kwa majuma. Mama alipiga simu usiku kwa simu ya jirani na kusema, "Rudi." Nayataja haya kwa sababu watu wakisikia neno shida kwa mwanafunzi hufikiria fedha peke yake. Njaa mtu huweza kuivumilia iwapo nyumbani wanaamini kile anachokwenda kukitafuta. Mimi nilikuwa na njaa, na nyumbani walikuwa wanasali niache.

Maisha yenyewe yalikuwa hivi. Nililala hosteli za Mabibo kwa kubebwa, yaani kitanda kilikuwa cha dada mmoja wa mwaka wa pili kutoka Njombe, mimi nikajibana ukutani. Waliosoma Dar es Salaam wanalijua jambo hilo vizuri. Shule yetu haikuwa Mlimani, kampasi kuu, pamoja na vitivo vingine, ilikuwa Mikocheni. Daladala wakati ule ilikuwa shilingi 400 kwa njia fupi, na kutoka Mabibo ni lazima uunganishe. Kwenda na kurudi kunakula fedha ya siku nzima kwa mtu ambaye hana bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu. Waliopata mkopo walikuwa wakipokea shilingi 8,500 kwa siku za kula na kulala. Mimi nilikwenda kwa miguu, nikipita Shekilango hadi Bamaga kisha naingia Mikocheni, nikiondoka kabla jua halijakasirika. Chakula kilikuwa pasi ndefu, chai ya asubuhi hadi ubwabwa wa usiku, endapo dada angeubakiza, na mara nyingi aliubakiza akisingizia ameshiba.

Miguu ilizoea. Kilichonitesa ni kazi za kikundi. Kila kikundi kinachanga fedha ya kuchapa na kutoa nakala, mia tano, elfu moja, na mwenye mia tano hawezi kuelewa jinsi mia tano inavyoweza kumnyamazisha mtu. Nilianza kukwepa vikundi. Kisha nikaanza kukaa nyuma. Kisha nikaacha kuuliza maswali, mimi niliyekuwa mwenyekiti wa mdahalo sekondari. Umaskini wa chuoni hauanzi tumboni. Unaanza kwa kukupokonya sauti, na katika shule inayofundisha kazi ya kuuliza, aliyepoteza sauti amekwisha kuacha shule hata kama jina lake bado limo kwenye orodha.

Mwalimu wetu wa uandishi wa habari, tuliyemwita Dokta, alitupa zoezi la kwenda sokoni na kurudi na habari. Nilikwenda Tandale, nikaandika kuhusu bei ya maharage na njia ambayo gunia hupita hadi lifike pale. Zoezi lilitakiwa lichapwe. Langu nililiandika kwa mkono, kwa herufi kubwa za wazi, kwenye karatasi nilizozipigia mistari kwa rula, na nikaliweka katikati ya rundo ili lisionekane. Alilirudisha likiwa na alama nzuri na neno moja pembeni: "Baki."

Wengine walipotoka, hakuniuliza kama nina shida. Mtoto aliyelelewa kwetu ukimuuliza kama ana shida atasema hana. Aliuliza kama mwandishi anavyouliza.

"Unakaa wapi?"

"Mabibo, Dokta."

"Chumba namba ngapi?"

"Nabebwa."

"Hapa unafikaje?"

"Kwa miguu."

"Jana ulikula nini?"

Nikamtajia. Lilikuwa jibu fupi. Hakutikisa kichwa kwa huruma wala hakutoa noti mfukoni, na ninamshukuru kwa yote mawili. Alisema, "Kesho saa nne nenda masjala. Usiandike barua ya kuomba chochote. Nenda na kitambulisho tu."

Nimekuja kulitafakari lile swali la "unakaa wapi" kwa miaka. Ni swali la ukweli mdogo, na ukweli mdogo mtu anaweza kuutamka bila kujidhalilisha. Ningeulizwa nieleze hali yangu, ningelazimika kuipanga ili iumize, niweke baba mbele, mama katikati, njaa mwisho. Wanafunzi wengi husaidiwa kwa njia hiyo na hufika mahali wakawa mafundi wa kusimulia mateso yao, barua baada ya barua, ofisi baada ya ofisi, hadi wanajiona wenyewe kuwa ni mateso tu. Dokta alichukua majibu manne na kuyaunganisha mwenyewe.

Masjala nilimkuta mama wa makamo aliyeinua macho kutoka kwenye majalada, akasoma jina langu la ukoo kwenye kitambulisho, akasema, "Kamwene." Nilikuwa sijaamkiwa kwa lugha ya kwetu tangu nishuke basi Ubungo. Nikaitikia huku koo limekaza. Alikuwa Mbena wa Njombe, na alianza kazi tangu shule ikiitwa Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania, TSJ. Chuo hicho kilianzishwa 1975, na mwaka 2003 kikaingizwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Walioajiriwa enzi za TSJ walikuwa wamezoea chuo kidogo ambamo kila mwanafunzi anajulikana kwa jina na kwao. Chuo kilikua, wanafunzi wakaongezeka, mama yule hakubadilika. Aliniita mwanangu na kuniuliza baba alifariki wapi, nani walikuwepo, alizikwa na dhehebu gani.

Hilo la dhehebu ndilo lililofungua mlango. Sisi ni Wakatoliki, na parokia huweka daftari la mazishi. Mama mzazi alikumbuka kifo cha mumewe kwa saa na hali ya hewa, lakini tarehe hakuwa nayo. Daftari lilikuwa nayo. Mama wa masjala akanieleza hatua kwa hatua: barua ya mtendaji wa kijiji, maelezo ya waliokuwepo msibani, kiapo, kisha ofisi ya wilaya Mafinga kwa ajili ya usajili uliochelewa, na cheti kikishatoka, uhakiki. Aliziandika hatua hizo kwa mkono kwenye karatasi moja, akampigia mama simu mimi nikiwa nimekaa pale, na wakazungumza kwa muda mrefu kwa lugha zao mbili zinazosikilizana, Kibena na Kihehe. Walipofika kwenye mambo ya misiba nilitoka nje.

Mama alikwenda Mafinga mara kadhaa msimu wa mvua, barabara ya kijijini ikiwa matope matupu. Mjomba na katekista wakatoa ushahidi. Aliniambia baadaye kwamba kukaa mbele ya karani na kuitaja siku ile kwa sauti, tarehe, mwezi na mwaka, kulimliza kuliko alivyolia msibani, na kwamba akitoka pale na karatasi mkononi alijisikia amemzika mumewe upya, safari hii kwa heshima ya serikali. Cheti hicho sasa kimetiwa fremu nyumbani, kando ya picha ya harusi yao.

Karatasi huchukua muda, na tumbo halisubiri. Kuhusu ada ya muhula wa pili, Dokta alinipeleka kwa Amidi wa shule, nikaruhusiwa kulipa kwa awamu. Kuhusu kula, nilipewa kazi. Wahadhiri walikuwa na mradi wa utafiti, na mahojiano yaliyorekodiwa Nyanda za Juu Kusini yalihitaji kunukuliwa neno kwa neno. Wazee waliohojiwa walikuwa wakianza kwa Kiswahili na kuhamia Kihehe kila jambo lilipowagusa, na wanukuzi wa Dar es Salaam walikuwa wakiacha nafasi tupu zenye alama ya kuuliza. Nilizijaza zile nafasi. Nililipwa kwa saa ya sauti niliyonukuu, kama yeyote mwingine aliyeifanya kazi hiyo. Sitaisahau furaha ya kulipa nauli kwa fedha niliyoitolea jasho, wala ile ya kutoa mia tano yangu ya kikundi. Nilirudi viti vya mbele.

Kuna jambo lililotokea katikati ya hayo ambalo ndilo hasa limenifanya niandike.

Darasani kwetu walikuwemo kaka na dada waliokwisha kufanya kazi redioni na magazetini kwa miaka mingi. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zilimtaka mwandishi awe na elimu ya angalau stashahada, na waliojifunzia kazini wakaona ni heri wasome kabisa. Nilijifunza kwao kama nilivyojifunza kwa walimu. Mmoja wao, kaka mwenye moyo mweupe, alikuwa na televisheni ya mtandaoni. Alipojua habari zangu alinijia akiwa amejawa na shauku. Alitaka kunirekodi nikitembea Shekilango alfajiri, nikionyesha kile kitanda, nikizungumza juu ya baba. Mwisho ingewekwa namba ya simu ya kupokelea michango. "Mdogo wangu," alisema, "kwa wiki moja ada yako ya miaka mitatu imepatikana." Alikuwa anasema kweli. Tunaziona habari hizo kila siku, na fedha huja kwa sababu Watanzania wana huruma.

Nilikuwa karibu kukubali. Nilimwendea Dokta kwanza, nikitegemea aniambie ndiyo au hapana. Hakusema lolote kati ya hayo. Aliuliza kama mama ataiona. Nikasema ataonyeshwa, kijijini hakukosekani simu. Akauliza kama mama atataka kila mtu wa Mufindi ajue aliiuza miti michanga na kwa bei gani. Akauliza kama dada wa Njombe yuko tayari kuonekana akivunja kanuni za hosteli kwa wema wake. Kisha akauliza picha hiyo itakuwa wapi siku nitakapokwenda kumhoji mkuu wa wilaya. Akasema, "Ukishapata majibu, uamue wewe. Kama utakubali, nitakusaidia kuandika masharti yako."

Huo ulikuwa mhadhara bora wa maadili kuliko yote niliyohudhuria. Baraza la Habari Tanzania limekuwa likisimamia maadili ya wanahabari tangu miaka ya 1990, na kanuni zake tulizisoma: ridhaa, faragha, utu wa anayeandikwa. Nilizijibia mitihani vizuri. Siku ile nilizisoma kutoka upande wa pili wa kamera. Nilielewa kwamba mtu mwenye njaa akisema "sawa, nirekodini," neno lake ni la njaa kabla halijawa lake, na mwandishi mwadilifu hana budi kujua nani kati ya hao wawili ndiye amemjibu.

Nikakataa. Kaka yule hakukasirika. Alikaa kimya, kisha akasema amewahi kurekodi watu wengi na hakuwahi kumuuliza mmoja wao kuhusu mama yake. Wiki hiyohiyo mwakilishi wa darasa alisimama na kutangaza kwamba kuna mwenzetu anahitaji kumalizia ada, hakutaja jina, na bahasha ikapita kuanzia viti vya mbele. Ilipofika kwangu nami niliweka kitu ndani yake, maana hakuna ambaye alitakiwa kuonekana hakuweka. Najua nani aliipendekeza njia ile. Ni huyohuyo kaka.

Cheti cha baba kilihakikiwa kwa wakati, nikaomba tena, na mwaka wa pili nikapata mkopo. Sitaki kuchora picha kwamba baada ya hapo kila kitu kilinyooka. Mama aliendelea kuogopa, na alikuwa na haki. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo, nilifanyia redioni, Iringa, na kila jioni nilipaswa kumpigia nimwambie nimefika nyumbani. Machi 2020, nikiwa mwaka wa tatu, vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona. Nilirudi kijijini na utafiti wangu nusu, na mara nyingi nilipanda kilimani kutafuta mtandao. Dokta alipitia orodha ya darasa akimpigia kila mmoja, na asiyepatikana alipigiwa mzazi. Aliniuliza mambo mawili: kama nina umeme na kama nina karatasi. Nilipompa mama simu azungumze naye, walizungumza kuhusu mahindi. Mama alipokata simu alisema, "Kumbe wapo watu wanaowaangalia." Tangu siku hiyo hakuniambia tena nirudi. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni, nami nikamaliza pamoja na wenzangu.

Sasa ni mtayarishaji wa vipindi katika redio moja ya Nyanda za Juu Kusini. Kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi inakatwa kurejesha mkopo, na sijawahi kuitazama hati ya mshahara nikasikitika kwa ajili ya mstari huo, kwa kuwa fedha inayorudi ndiyo anayokopeshwa mwingine. Wanafunzi wa fildi wanaoletwa kwetu nawauliza siku ya kwanza wanakaa wapi na wanafikaje kazini, kabla ya kuwauliza wanajua nini kuhusu kipaza sauti. Kituo kimekubali kuwalipia nauli. Ilichukua mabishano, na hoja iliyoshinda ni kwamba mwanafunzi aliyetembea saa mbili hawezi kusoma taarifa ya saa moja asubuhi bila kuhema.

Yupo atakayesema shule ya uandishi wa habari si ustawi wa jamii, ina kazi ya kufundisha, na mwalimu mwenye wanafunzi mia na ushee hawezi kujua kila mmoja amekula nini. Ni kweli hawezi. Lakini anaweza kujua nani ameacha kuuliza maswali, kwa kuwa kumtambua asiyesikika ndiyo kazi anayoifundisha. Yaliyofanywa kwangu hayakuhitaji bajeti kubwa. Yalihitaji mama wa masjala anayejua njia ya cheti, Amidi anayekubali awamu, kazi halali yenye malipo, na watu wenye kufunga mdomo.

Wachache wa mwaka wetu, kaka yule akiwemo, tumeanza kuchanga. Ni fedha ndogo. Tumeielekeza kwenye mambo mawili tu: kuchapa kazi za darasani, na nauli za wazazi wanaofuatilia vyeti wilayani. Tulibishana kama waombaji wajaze fomu ya kujieleza, tukakubaliana wasijaze. Watu wa ofisini ndio wanaoamua na kutoa, kimyakimya, na sisi tunaletewa jumla tu pamoja na mikoa ilikokwenda. Mara ya mwisho ilikwenda Kigoma, Lindi na Iringa. Ni akina nani, hatukuambiwa, wala hatukuuliza.